Kikombe cha Bati cha Neasden

Basi likikaribia Neasden huwa nahamia upande wa kulia, hata kama nimeshakaa vizuri. Ukiwa ghorofa ya juu hekalu jeupe linaonekana mara mbili, mara moja katikati ya mapaa na mara ya pili pale kwenye taa, kisha inafuata barabara fupi ya nyumba za matofali mekundu. Nyumba ya tatu ina mlango wa kijani. Sijui nani anakaa humo sasa, na sina sababu ya kushuka, lakini naitazama mpaka ipotee. Wanangu wameshanizoea. "Mum's door," wanasema, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Nyuma ya mlango ule ndipo nilipopatia uuguzi wangu, na ndipo nilipokaribia kuupoteza.

Nilianza chuo nikiwa na miaka arobaini na sita. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye ghala moja kule Hayes, tukipanga trei za chakula cha ndegeni: mkate mdogo, siagi ndogo, kikombe cha plastiki, uma uliofungwa kwenye karatasi. Miaka tisa nilipanga chakula cha watu wanaoruka juu ya kichwa changu. Nilipopata barua ya kukubaliwa kwenye shule ya uuguzi ya chuo kikuu, msimamizi wangu aliniuliza kama nina hakika, kwa umri wangu. Nilimwambia nina hakika, halafu nikaenda chooni nikaisoma barua upya.

Pale shuleni, mlangoni tu, kulikuwa na bango refu kutoka dari hadi sakafu. Lilisema shule imejitolea kumjumuisha kila mtu, kupatana na watu wa asili waliodhulumiwa, na kulinda ustawi wa jamii. Nililisoma nikacheka kimoyomoyo. Kule ghalani nako tulikuwa na bango lililosema sisi sote ni familia moja, na walilitundika wiki ileile waliyotupunguzia zamu. Mimi nina hasira za karibu, na mabango ni moja ya vitu vinavyoziita.

Kwa hiyo mwaka wa pili alipokuja mhadhiri mgeni kutoka Kanada, mwanamke wa makamo kutoka moja ya jamii za asili za kule, nilikaa nyuma karibu na mlango. Alitupanga kwenye duara. Hakuuliza majina yetu wala tumetoka nchi gani. Alituambia kwanza habari za bibi yake, aliyelazwa akiwa msichana kwenye hospitali iliyotengewa watu wao, ambako sahani na kikombe chake vilipigwa mstari wa rangi nyekundu ili visichanganyike na vya wauguzi. Alisema waliopiga mstari ule walikuwa wauguzi wenzetu, wamevaa sare, na pengine walijiona watu wema. Kisha akatuuliza: kwenu, nani aliwahi kutendewa vibaya na mtu aliyepaswa kumtunza, au na mtu ambaye yeye ndiye alikuwa anamtunza?

Sikukusudia kusema kitu. Nilijisikia tu nikisema.

Nilisema mama yangu alikuwa yaya Tanga, kwenye nyumba ya Wahindi wenye duka la vitambaa. Miaka kumi na moja aliwaogesha watoto wao, akawalisha, akawabeba mgongoni wakiwa na homa. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, kilichokaa peke yake nyuma ya mlango wa jikoni. Vikombe vya kaure aliviosha kila siku, lakini kuvinywea hakuruhusiwa. Mimi nilikuwa nakwenda kumsubiri baada ya shule, nikiona kiu, nakunywa kwenye kikombe kilekile. Hadi leo nikifumba macho naisikia ladha ya lile bati, na harufu ya iliki iliyotoka kwenye sufuria ya wenyewe. Ajabu ni kwamba naikumbuka kwa hamu. Nilikuwa mtoto, mama alikuwa kijana, na ile ndiyo saa pekee ya siku niliyokuwa naye.

Mhadhiri aliniuliza kama mama aliwahi kusema alijisikiaje. Nilimjibu kwamba sikuwahi kumuuliza.

Sasa nieleze jinsi nilivyokuwa nimekaa kwenye ncha ya kisu muhula ule. Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja wa kutembelewa nyumbani, mara sita, kwa muda wa wiki sita. Mara ya sita msimamizi anakwenda naye, na anamuuliza mgonjwa swali moja tu: ungependa mwanafunzi huyu aje tena? Mgonjwa akisema hapana, msimamizi hatii sahihi. Shule ilisema huko ndiko kutimiza lile bango, kwamba anayetunzwa naye awe na kauli. Mimi nilikuwa nimeshafeli zoezi kama hilo mara moja, wodini. Mzee mmoja alisema namwosha vizuri sana lakini sijawahi kukaa. Ukifeli mara ya pili unatoka chuoni, na mimi ningerudi kwenye trei.

Msimamizi wangu alikuwa muuguzi wa majumbani, Mkongo wa Bukavu aliyekaa Lewisham, aliyefika nchi hii kuomba hifadhi akaanza kwa kufagia korido za hospitali. Alinikabidhi faili ya mgonjwa ndani ya gari lake dogo lililojaa maboksi ya bandeji.

"Ni mama muzee wa Kihindi, kule Neasden," alisema. "Iko na kidonda ku mguu, venous ulcer, miaka mbili sasa. Mutasikilizana. Anajua Kiswahili."

Niliifunga ile faili. Nikajikaza.

Alikuwa na miaka themanini na kitu, mwembamba, amevaa sari ya pamba na sweta la mwanawe juu yake. Alizaliwa Mwanza, akaolewa Mwanza, akaja London na watoto watatu na masanduku mawili. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na jikoni, kimekaa miaka hamsini bila kutumika, lakini alipoliona jina langu kwenye kitambulisho akakitoa chote.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Tanga, mama. Shikamoo."

"Marahaba," alisema, na nikaona midomo yake inatafuta neno kwa furaha, kama mtu aliyeokota funguo za nyumba ya zamani. "Siku mingi mimi hapana sikia hii."

Ziara ya kwanza ilikwenda vizuri. Niliosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikakipima, nikafunga bandeji za kubana tabaka kwa tabaka kutoka vidoleni hadi chini ya goti kama nilivyofundishwa. Mkwewe, mwanamke mpole anayefanya kazi ofisini kwenye halmashauri, alinifungulia mlango akarudi kwenye kompyuta yake ghorofani. Mama alinisimulia habari za pamba na mawe makubwa ya ziwani. Nilipotoka nilisema moyoni, huyu ananipitisha.

Ziara ya pili niliingia jikoni kunawa mikono, na nikakiona.

Kilikuwa kimewekwa pembeni ya sinki, juu ya kitambaa chake chenyewe, kimefunikwa kifudifudi. Kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa bluu. Hapakuwa na kikombe kingine chochote nje. Nikiwa bado na sabuni mikononi nikamsikia mama akiniita kutoka sebuleni, sauti yake imechangamka: "Chai iko kwa sufuria, binti. Chukua kikombe, mimina!"

Nilifunga bomba. Sijui nilisimama pale muda gani. Najua tu nilimwona mama yangu, nikaona na yule mtoto mwenye sare ya shule nyuma ya mlango, na damu ikanichemka. Nusu karne, nikajisemea. Wamevuka bahari, wamekaa nchi ya malkia nusu karne, na bado wana kikombe cha boi. Nilirudi sebuleni mikono mitupu.

"Hunywi?"

"Sinywi."

"Iliki iko. Sukari iko."

"Sinywi, mama. Niko kazini."

Nilikifungua kidonda, nikakiosha, nikakifunga, yote bila neno. Nilifanya haraka na nilibana. Sikuvuka kiwango, nilikuwa nakijua kiwango, lakini mkono wenye hasira mgonjwa anaujua. Nilimwona akishika mkono wa kiti. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Niliaga kwa Kiingereza.

Kesho yake nilimwambia msimamizi anitafutie mgonjwa mwingine. Tulikuwa tumeegesha nje ya duka la dawa, anakula ndizi. Nilimsimulia yote, mama yangu, kikombe, sufuria, na nilipomaliza nilikuwa karibu kulia. Alitafuna polepole.

"Ulimuuliza hiyo kikopo ni ya nani?"

"Nimuulize nini? Nimekiona."

"Ulikiona, njo vile. Lakini ulimuuliza?"

"Hapana."

"Sasa ulijua namna gani?" Alikunja ganda la ndizi akalitia kwenye mfuko. "Dada, sikiliza. Mgonjwa mwingine haiko. Ukibadilisha sasa, six visits hazitatosha, na hiyo ni fail. Miye siwezi kukudanganya. Rudi mu nyumba ile, ukae, umuulize. Kama ni yako, basi umwambie mbele ya macho inakuumiza. Lakini usimufunge mgonjwa na hasira ya Tanga."

Niliona aibu kiasi cha kuitazama simu yangu iliyozimwa. Sikuwa nimemwambia habari ya kubana. Aliijua mwenyewe.

Ziara ya tatu nilinyeshewa na mvua njia nzima, maana nilishuka kituo kimoja kabla ili nipate muda wa kujipanga. Mama alinisubiri kwenye kiti chake. Safari hii hakuniita nichukue chai. Nilivuta stuli nikakaa, kitu ambacho mzee wa wodini aliningojea nifanye akachoka. Nikasema, "Mama, nataka kukuuliza jambo. Kile kikombe cha bati jikoni, ni cha nani?"

Alinitazama kama hajaelewa naulizia nini.

"Changu," alisema.

"Chako?"

"Changu mimi. Ya wageni iko kabatini, kabati ya kioo. Hukuona?" Kisha uso wake ukabadilika. Alikuwa mtu wa dukani, maisha yake yote amesoma nyuso za watu. Alitazama miguu yake. "Wewe nafikiri ni yako."

Nilitikisa kichwa kukubali.

Halafu akanieleza. Miaka miwili nyuma alilazwa, kidonda kikaingia vijidudu sugu. Siku ya kutoka, kwenye korido, mtu fulani mwenye sare alimwambia mkwewe kwa haraka kwamba vyombo vya mgonjwa vitengwe. Hakumbuki ni nani. Mkwewe alitii. Sahani yake ikatengwa, kijiko chake, taulo lake. Kikombe alikichagua mama mwenyewe dukani, cha bati, ili mtu asikikosee. Wajukuu walizoea. Mdogo kabisa alikuwa hajawahi kula kwenye sahani moja na bibi yake, na alijua tu kwamba bibi ana vyake. Hakuna aliyekuja kuwaambia basi, imetosha.

"Harufu ya mguu iko," alisema. "Mimi nasema sawa, wao nafanya vizuri."

Mimi nilikuwa nimesoma faili lake. Majibu ya maabara yaliyosema kidonda kimesafika yalikuwa mle, ya mwaka uliopita. Na hata siku kilipokuwa kibaya zaidi, ule ugonjwa wa mguuni haukuhitaji kikombe chake kitengwe hata kidogo, vyombo vikioshwa kwa sabuni na maji ya moto imetosha. Nilijisikia vibaya mara tatu: kwa ajili yake, kwa ajili ya sare niliyovaa, na kwa ajili ya mkono wangu wa wiki iliyopita.

"Mama," nilisema, "juzi nilikufunga nikiwa na hasira. Nisamehe."

"Mimi najua," alisema. "Nasikia kwa mguu."

Nilipanda ghorofani nikamgongea mkwewe. Nilimweleza kwa Kiingereza, taratibu, nikampigia na msimamizi simu ili asikie kwa mtu mwenye sahihi. Yule mwanamke alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa, akasema alikuwa amefanya tu alichoambiwa, kwamba aliogopa kumuua mama wa mumewe kwa uzembe, na kwamba kila usiku alipokuwa anakausha kile kikombe peke yake alijiona mtu wa ovyo. Nilikaa naye palepale kwenye ngazi. Sikuwa na la kumlaumu. Sisi ndio tuliopiga mstari, kisha tukasahau kuja kuufuta.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka ninapoutazama ule mlango kutoka kwenye basi. Ziara ya nne nilikuta wajukuu wamerudi kutoka shule mapema, mdogo amekaa miguuni pa bibi yake, wanakula ganthia, vile vitafunio vya unga wa dengu, kwenye bakuli moja. Chai ilikuja kwenye kaure, yangu na yake, vikombe pacha vyenye maua ya waridi na ukingo wa dhahabu uliofifia. Nilikunywa vikombe viwili. Iliki ile, ileile ya Tanga, na kwa mara ya kwanza niliinywa ikiwa moto, maana kule mama yangu na mimi tulikuwa tunapata mabaki.

Ziara ya tano ndipo alipouliza. Nilikuwa nimepiga magoti, bandeji mkononi.

"Mama yako nakunywa kwa kikombe gani, kule Tanga?"

Sikumficha. Nilimwambia.

Nilimaliza tabaka la pili. Kisha akasema kwamba kwao Mwanza kikombe cha yaya kilikuwa juu ya ndoo ya maji, karibu na mlango wa uani. Nacho kilikuwa cheupe, ukingo wa bluu. Hakuna aliyemwambia akiweke pale. Alikikuta kwa mama mkwe wake akakiendeleza. Yaya wao alilea watoto wake watatu, na mkubwa aliposhikwa na surua alilala naye sakafuni siku tano.

"Mimi naita yeye yaya tu," alisema. "Siku mingi sasa natafuta jina. Sipati. Mimi hapana uliza."

Alilia, bila sauti, na mimi nililia kidogo, nikiwa nimeshika mguu wake. Sikumwambia si kitu. Ilikuwa kitu, na wote wawili tulijua.

Wiki ya sita msimamizi alikuja na kitabu changu. Alikaa kwenye sofa, akanywa chai, akafungua ukurasa. Kidonda kilikuwa kimepungua hadi ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Niliketi kwenye stuli yangu.

"Mama," msimamizi alisema, "huyu mwanafunzi, unapenda arudi tena?"

Mama alinitazama, akamtazama msimamizi.

"Siku moja nafunga mimi na hasira," alisema. "Andika hiyo."

Msimamizi alinigeukia, kalamu hewani. "Ni kweli?"

"Ni kweli," nilisema.

"Halafu narudi," mama aliendelea, kama hakukatizwa. "Nakaa chini. Nauliza mimi. Miaka mbili watu wengi nakuja na begi, hapana mtu nauliza. Andika na hiyo. Huyu aje."

Msimamizi aliandika yote mawili, kwa mwandiko wake mkubwa, kisha akatia sahihi. Nikaanza kukusanya vifaa ili wasinione uso. Nilipofika mlangoni mama akaniita. Alikuwa ametoa daftari dogo na kalamu, miwani imeshuka puani.

"Mama yako," alisema. "Jina lake nani?"

Nilimtajia. Alilirudia mara mbili taratibu, akaniomba nimwandikie kwa herufi kubwa, akalisoma tena kwa sauti.

Jioni ile nilimpigia mama simu Tanga. Nilimweleza kwamba nimepita, nikamweleza habari yote, ya kikombe, ya ngazi, ya yule mama wa Neasden na daftari lake. Nilimuuliza lile ambalo mhadhiri aliniuliza, alijisikiaje miaka ile. Nilisikia akivuta kiti akikaa.

"Miaka kumi na moja," alisema hatimaye, "hakuna aliyeniuliza jina."

Halafu akauliza, "Na huo mguu wake, unapona?"

Nilimwambia unapona.

"Haya," alisema mama. "Mfunge vizuri."